Tulivyochonga Hekalu la Mwamba Baba Dogo

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, na nawashukuru. Mtu anaikimbiza saa maisha yake yote, na siku anapoacha kuikimbiza anapewa yake mwenyewe aende nayo nyumbani. Nimeitundika sebuleni, inakwenda vizuri, nami nakaa chini yake sina pa kuwahi. Hapo ndipo nilipokumbuka ombi la vijana wa karakana, upande wa kalibu za kumwagia jasi, kwamba niandike yale ninayowasimulia wakati wa chai, hasa lile la hekalu, kwa kuwa kila nikilianza kuna mtu anaitwa nje kabla halijafika mwisho.

Vyeo sitavitaja. Walionipandisha walikuwa na sababu zao, na walionichelewesha pia walikuwa na zao. Nitaanza na ndoo.

Niliingia karakana mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Bungoma, nikikaa Kaloleni kwa dada ya baba yangu, Senge Respa, mjane wa mtu wa reli. Senge aliishi Kaloleni lakini alisali Baba Dogo, katika kanisa la mabati lililokuwa kwenye mwinuko juu ya karakana, kwa sababu aliwahi kukaa huko zamani na hakuwa mtu wa kubadilisha kwaya. Huko kanisani ndiko alikosikia kwamba mafundi wa dari wanatafuta wasichana wa kuchambua katani. Wakati ule dari za jasi ndizo zilizokuwa fahari ya nyumba kubwa na mahoteli, na ndani ya kila kipande cha jasi lazima kuwe na nyuzi za katani, la sivyo kinapasuka ukikitazama vibaya.

Siku ya kwanza niliambiwa nimsaidie Mzee Obura kukoroga jasi. Alikuwa fundi wa kuchonga vielelezo vya mbao vya kutengenezea kalibu za vyuma huko reli kabla ya kustaafu, na baada ya kustaafu akaja kwetu kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mke wake hakuweza kumvumilia mchana. Nilitia unga wa jasi kwenye ndoo, nikamwaga maji juu yake kama mtu anayepika sima kinyume. Tulipotoka kunywa chai na kurudi, ndoo ilikuwa jiwe, mwiko umesimama katikati.

Mzee aliizunguka ile ndoo, akaigonga kwa kidole.

"Nyar Bungoma," akasema, yaani binti wa Bungoma kwa Kijaluo, na hakuniita jina lingine tangu siku hiyo. "Umetengeneza nguzo nzuri sana. Sasa tafuta nyumba ya kuiegemeza."

Kisha akanifundisha. Maji kwanza, jasi baadaye. Unainyunyiza kwa vidole, kidogo kidogo, mpaka visiwa vitokeze juu ya maji na vikatae kuzama. Unaiacha inywe. Ndipo unakoroga, polepole, mkono ukiwa chini kabisa ya ndoo ili usiingize hewa. Chumvi kidogo huiharakisha kushika, gundi ya mbao huichelewesha. Ikianza kupata joto mkononi mwako, muda wa kubadili mawazo umekwisha. Hayo yote mnayajua. Nayaandika kwa sababu siku hizi mnasoma maagizo ya mfuko, na mfuko haujawahi kuinamia ndoo.

Nilichambua katani kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, koo likijaa nyuzi. Kilichonitoa huko ni macho ya Mzee Obura. Yalianza kuchoka, na kazi ndogo za pembeni, majani na maua ya dari, zikawa zinamshinda ingawa hakukubali. Akawa ananiita "nishikie taa", na nikishika taa ananiambia "hebu gusa hapo uone", na nikigusa ananipa patasi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kuchonga na mtu ambaye hakuwahi kusema kwamba ananifundisha.

Daktari Mumbua alikuja kwetu kabla ya zile mvua kubwa zilizofunga mwaka wa tisini na saba. Alikuwa mwalimu wa historia ya kale chuo kikuu, mwanamke mwembamba wa Kikamba aliyelelewa Kaloleni, nyumba chache kutoka kwa Senge. Alishuka garini na sanduku pana la bati, akalibeba kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, akalifungua juu ya meza yetu.

Ndani mlikuwa na karatasi nene za rangi ya maziwa yaliyoganda, zimepangwa moja juu ya nyingine. Mzee Obura aliinama akazitazama.

"Hizi si kama karatasi za trei za mayai?"

Daktari akacheka. "Ni ndugu zake, Mzee. Ila hizi zimelalia ukuta uliochongwa zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita."

Akaizima taa ya juu, akawasha tochi, akaimulika karatasi kutoka ubavuni. Nilirudi nyuma. Karatasi iliyoonekana tupu ilijaa ndege, matete, nyoka, mawimbi ya maji, macho ya watu, vyote vimeinuka na vina vivuli vyao.

Alitueleza bila haraka. Kule Misri kulikuwa na malkia aliyetawala kama mfalme, akavaa hata ndevu za bandia za kifalme. Aliamuru hekalu dogo lichongwe ndani ya mwamba wa jangwani. Halikujengwa kwa mawe ya kupangwa, lilikatwa humo humo mlimani: ukumbi wenye nguzo mbele, kijia kifupi, kisha chumba cha ndani chenye shimo ukutani la kuweka sanamu. Lilikuwa la mungu wao wa kike, simba jike mwenye makucha makali. Juu ya mlango malkia aliandika maneno marefu, akisema kwamba ameyainua yaliyokuwa yamebomoka na kuachwa. Mwalimu wa zamani wa Daktari alikwenda huko alipokuwa kijana, akalowanisha karatasi, akazipigapiga kwa brashi ukutani mpaka zikaingia ndani ya kila herufi, akaziacha zikauke, akazibandua. Alipofariki alimwachia Daktari. Tangu wakati huo mwamba wenyewe umemomonyoka mahali fulani fulani.

"Kuna herufi ambazo sasa zimebaki humu tu," Daktari akasema, mkono juu ya sanduku.

Alitaka tumtengenezee hekalu hilo kwa jasi, mlango wake na chumba chake, litakalosimama katika ukumbi wa Kaloleni ili watoto wa shule za Eastlands waingie ndani na kuona. Angeweza kulipeleka mahali pa kifahari zaidi mjini. Nilimuuliza kwa nini Kaloleni.

"Kwa sababu nilipokuwa mdogo hakuna kitu cha ajabu kilichowahi kuletwa mpaka mlangoni kwetu," akanijibu. "Tulikuwa tunaambiwa tukifuate."

Njia ya mkato ilikuwa kuzipaka karatasi vanishi na kumwaga jasi juu yake. Daktari alikataa, na Mzee Obura alikataa hata kabla yake. Vanishi ingezifanya karatasi ziwe vioo. Kwa hiyo tukakubaliana kwamba karatasi hazitaguswa na kitu chochote ila mwanga. Tungechora kila herufi kwenye karatasi nyepesi tukiwa tumemulika tochi, tuhamishe mchoro kwenye bamba la jasi, kisha tuchonge kwa mkono.

Hiyo ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote nilizofanya. Jasi ambayo haijakauka kabisa inakatika kama sabuni ya kipande. Patasi za dukani zilikuwa nene mno, basi nikanoa vijiti vya mwavuli uliokufa kwenye jiwe mpaka vikawa na ncha bapa. Kijiko kilichokunjwa kilinifaa kwa migongo ya ndege. Daktari alikuwa akija mara kwa mara, anaketi kwenye gunia la jasi na suti yake, ananisahihisha.

"Huyo bundi umemnenepesha, Beatrice."

"Samahani, Daktari. Ni wa Bungoma."

Alinifundisha kujua maandishi yanaanzia wapi: tazama ndege na watu wanakoelekeza nyuso, kisha soma ukiwaendea uso kwa uso, usiwafuate kwa nyuma. Mpaka leo nikiingia mahali pa wageni natafuta kwanza nyuso zinaelekea wapi.

Kulikuwa na mahali jina la malkia lilikuwa limechokorwa. Waliomfuata kwenye kiti waliamuru lifutwe, na mfalme mwingine baadaye akachonga lake mle ndani. Mzee Obura alitaka kujua kama tulirudishe jina.

"Chongeni kama lilivyo," Daktari akasema. "Na michubuko yake."

Mzee alinung'unika wiki nzima. "Maisha yangu yote nimefundishwa kuficha ufa. Uzeeni naambiwa nichonge uharibifu, tena niuchonge vizuri." Lakini aliuchonga vizuri. Simba jike pia alikuwa wake: mwili wa mwanamke, kichwa cha simba, umetengenezwa vipande viwili vyenye uwazi ndani, gunia na katani vikiwa mifupa yake.

Nyumbani nilikuwa na vita vingine. Senge Respa alisikia kanisani kwamba tunachonga miungu.

"Ni kweli?" akaniuliza nikiwa bado mlangoni, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi.

"Ni maonyesho ya shule, Senge. Historia."

"Historia yenye kichwa cha simba."

"Daktari Mumbua mwenyewe ni mtu wa kanisa."

"Mumbua namjua, nimempangusa kamasi. Sijauliza habari ya Mumbua." Akanipa beseni. "Oga nje. Musa alitoka huko na watu wote, wewe peke yako ndiye unayerudi."

Hakunifukuza, na sikuacha kazi. Tuliishi hivyo, kila mmoja akimwombea mwenzake kwa sauti ya kusikika.

Kisha zikaja zile mvua. Waliokuwa Nairobi wakati ule hawahitaji kuambiwa ni zipi. Ilinyesha mpaka watu wakaacha kulalamika. Nyuma ya karakana yetu kulikuwa na kijito ambacho kwa kawaida kilibeba mifuko ya nailoni na maji machache ya kuifuatisha. Asubuhi moja, baada ya usiku mzima wa mvua, nilitembea kutoka barabarani kwa sababu gari halikuweza kupita, nikafika karakana nikaikuta imo ndani ya mto.

Wenzangu walikuwa wamesimama kwenye mwinuko wa geti. Musyoka, soja wetu wa kulinda geti, alinijia mbio.

"Mzee Obura ameingia," akasema.

"Ameingia lini?"

"Kabla ukuta wa nyuma uanguke. Alisema tu, 'sanduku'. Nikamwambia ngoja. Hakungoja."

"Na ametoka?"

"Sijamwona akitoka."

Mzee alikuwa akikaa chumba kimoja karibu na kiwanda cha sabuni, na daima ndiye aliyefika wa kwanza. Niliita jina lake kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Maji yalikuwa yanapita ndani ya karakana yakitokea upande wa pili, yakibeba kalibu zetu, magunia, vipande vya dari za watu. Nikaanza kushuka. Kevo, kijana wa kukata vioo kwa jirani, akanishika mkono.

"Sista, usiingie. Hiyo ukuta ingine pia iko karibu kubomoka."

"Mzee yumo!"

"Kama yumo tutamtoa. Lakini ukiingia tutatoa wawili."

Alikuwa sahihi, nami nikamchukia. Tulifunga kamba, wanaume wawili wakaingia taratibu wakishikilia fremu za milango, wakapiga kelele, wakarudi. Hawakuona mtu. Mmoja alikuwa na kofia ya Mzee mkononi, ile ya buluu aliyotoka nayo reli. Nikaichukua. Sikujua nifanye nini nayo, nikaivaa.

Ndipo mtu alipokuja mbio kutoka upande wa daraja. "Kuna mwili huko chini! Umekwama kwenye matope. Ni mweupe wote!"

Mweupe. Mtu wa jasi akifa majini angekuwa na rangi gani nyingine? Nilikimbia. Sikumbuki njia, nakumbuka tu kwamba kiatu kimoja kilibaki kwenye tope na sikurudi kukichukua. Darajani kulikuwa na umati, na mama mmoja nisiyemjua alikuwa ameshaanza kulia kwa niaba yetu. Chini, kwenye ukingo, mwili ulikuwa umelala kifudifudi, mabega yametokeza, mweupe kama chaki.

Nilishuka kwa makalio. Nikafika, nikaweka mkono begani. Lilikuwa baridi na gumu. Kisha vidole vikaniambia kile ambacho macho yalikuwa yamekataa: hii ilikuwa jasi. Nikasukuma kwa nguvu, ukageuka, na simba jike akanitazama, tope puani, sikio moja halipo.

Nikaanza kucheka. Nilicheka nikiwa nimekaa matopeni, nimemkumbatia, mpaka watu wa juu wakaambiana kwamba huzuni imenipanda kichwani.

"Ni nani?" Kevo akauliza kutoka juu. "Ni Mzee?"

"Ni simba!"

Sauti ya mwanamume ikauliza, kwa heshima kabisa, "Simba gani?"

"Wa Misri!"

Yule mama aliyekuwa akilia akajifuta macho, akaondoka bila kumuaga mtu.

Kicheko kilinitoka haraka kuliko kilivyoingia. Kama si Mzee huyu, basi Mzee yuko wapi? Nilikuwa napanda ukingo kwa mikono na magoti nilipomwona mwanamke mwenye kitambaa cheupe cha kanisa, sketi ameikunja, akinitafuta kwa macho.

"Wewe ndiye Beatrice wa Mama Respa?"

"Ndimi."

"Unaitwa kanisani. Kuna mzee wenu huko, anatusumbua."

Kuna maneno matamu katika lugha yetu, nimeambiwa machache katika maisha yangu. Hakuna yaliyonipendeza kama hayo.

Kanisa lilikuwa limefunguliwa tangu alfajiri kwa ajili ya familia zilizotolewa na maji. Watoto walilala kwenye majukwaa ya kwaya, uji ulikuwa unachemka kwenye majiko matatu makubwa. Na katikati, amevaa joho la kwaya la zambarau lenye kola nyeupe kwa sababu nguo zake zilikuwa zinakaushwa, alisimama Mzee Obura akigombana na mwanamke aliyeshika pasi ya makaa.

"Hapana pasi! Nimesema hapana pasi! Ukiweka pasi hapo utaua ndege wote!"

"Lakini ina unyevu, Mzee."

"Iache na unyevu wake. Itakauka ikitaka."

Karatasi zilikuwa zimelazwa kwenye mabenchi, upande mmoja wa kanisa, moja moja, madirisha yote wazi. Wanawake walikuwa wakizipepea kwa vifuniko vya sufuria, kwa mbali, kama alivyowaelekeza. Na aliyekuwa akipepea ile ndefu kuliko zote, ile ya maneno ya juu ya mlango, alikuwa Senge Respa, aliyekuwa amezuiwa na mvua tangu jana yake asirudi Kaloleni.

Nilimwendea Mzee kwanza, nikamshika mabega mawili, nikahakikisha kwamba hayakuwa ya jasi.

"Ungekufa!" nikamfokea. "Mzee, kwa karatasi! Ungekufa!"

"Nani aliingia kwa karatasi?" akasema. "Nilienda kuchukua koti. Sanduku lilikuwa njiani."

"Na koti liko wapi?"

Akafikiri kidogo. "Limeenda na maji."

Kisha akaiona kofia yake kichwani mwangu, akanyoosha mkono, nikampa, naye akaivaa juu ya joho. Alikuwa ametokea dirisha la ubavuni, sanduku kichwani, kabla tu ya ukuta kuanguka, na alipanda kwenda mahali pa juu pa karibu bila kutazama ni pa nani. Maji yalikuwa yamepenya kwenye maungio ya bati. Zile karatasi za chini zilikuwa zimelainika, na kama zingebaki zimerundikana mpaka jioni, zingekuwa uji wa zile trei za mayai alizozisema.

"Senge," hatimaye nikasema.

Hakuacha kupepea. "Aliingia hapa ananuka mto, anabisha kama askari. Nikamuuliza, hizi ndizo za Farao? Akasema ndizo. Akanitazama hivi, maji yanamtiririka. Mtu mzima, Beatrice, wa rika la marehemu mume wangu. Nikamwambia basi, zilaze upande wa wanaume."

Daktari Mumbua alifika mchana. Alikuwa amepita karakana kwanza, ameona paa na maji tu, na hakuna aliyejua kumwelekeza. Alipoingia kanisani alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuzika. Senge akampa kikombe cha uji kabla hajafungua mdomo, akamwambia akae. Hakukaa. Aliona mabenchi.

Alitoa tochi kwenye mkoba. Alipita benchi moja baada ya jingine akiinama, akimulika kutoka ubavuni kama siku ile ya kwanza, na sisi sote, pamoja na watoto, tukawa tunamfuata kwa macho. Kila alipomulika, vivuli vidogo viliinuka: tete, jicho, nyoka, bundi. Sehemu nyingine vilikuwa vimelegea kidogo, kama sura ya mtu aliyetoka kulala. Pembe moja ya karatasi moja ilikuwa imeng'oka kabisa, lakini herufi zake tulikuwa tumeshazichora na kuzichonga. Alipofika mwisho wa ile ndefu, alizima tochi.

"Wapo," akasema. "Wote wapo."

Ndipo akakaa, ghafla, akamwaga nusu ya uji kwenye viatu vyake, akacheka na kulia kwa pamoja. Mzee Obura akaketi kando yake na joho lake. Mtu mmoja wa kwaya akaanza wimbo wa shukrani, kwa kuwa wengine waliotafutwa asubuhi ile pia walikuwa wamepatikana, na kanisa zima likaitikia. Nilijaribu kuimba, nikagundua kwamba sauti yote nilikuwa nimeiacha mtoni.

Niwaambie jambo moja, nyinyi mliobaki kazini. Karatasi zilipona na Mzee akapona, lakini sikuandika haya ili mumwige. Nilipopewa madaraka ya karakana, amri yangu ya kwanza ilikuwa kwamba maji yakiingia, watu watoke, na kitu chochote kibaki, hata kikiwa cha Farao. Baadhi yenu mliona ni ukali. Nyinyi hamkuwahi kumgeuza mtu matopeni bila kujua atakuwa na uso wa nani.

Tulianza upya mabamba mengi. Mengine tuliyachimbua matopeni, tukayaosha, tukayaziba. Mvua zilipokwisha, hekalu likasimama katika ukumbi wa Kaloleni, na shule zikaja kwa mistari, watoto wakiingia kwa kelele na kunyamaza wakifika chumba cha ndani bila mtu kuwaambia. Senge alikuja siku ya pili, amevaa kama mtu anayekwenda harusini, akajifanya anapita tu. Alisimama mbele ya mlango kwa muda mrefu.

"Na hapa mbona pamechokorwa?" akamuuliza Daktari.

"Ni jina la malkia, Mama. Waliokuja baadaye walilifuta."

"Na bado anajulikana?"

"Bado."

Senge akaitengeneza leso yake begani. "Basi walipoteza muda wao," akasema, akaenda kutafuta mahali pa kukaa.

Mzee Obura alifanya kazi miaka michache zaidi, kisha akarudi kwao Siaya, ambako aliishi mpaka uzee mkubwa akiwalalamikia mafundi wa huko. Karatasi Daktari alizikabidhi mahali pakavu penye wataalamu wa kuzitunza, na nililala vizuri siku niliyosikia. Hekalu lenyewe, maonyesho yalipokwisha, liligawanywa. Chumba cha ndani kilichukuliwa na shule moja ya msingi huko Njiru, na kwa miaka yote hii sikuwahi kupata nafasi ya kwenda kukiona.

Mwezi uliopita nilipata. Mwalimu kijana, mchangamfu, alinipokea, nikamwambia mimi ni mama tu aliyesikia habari za maktaba yao. Alinipeleka mwisho wa darasa moja refu. Chumba kilikuwa palepale ukutani, kimetandikwa zulia, vitabu vya hadithi vimepangwa ndani ya lile shimo la sanamu. Watoto walikuwa wamelala kwa matumbo yao wakisoma, viatu vimepangwa nje, kwa kuwa ndiyo sheria. Nikavua vyangu, nikaingia. Nilipitisha kidole kwenye mstari wa mawimbi, mahali kijiti cha mwavuli kiliponiteleza na nikalazimika kuongeza wimbi moja.

"Unaweza kushika, Mama," mwalimu akasema kwa fahari. "Watu wengi hawaamini. Hii ilitoka Misri kabisa. Ni mawe ya asili."

Mtoto mmoja aliinua macho kutoka kitabuni kunitazama kama nitabisha.

"Naona," nikamwambia mwalimu. "Imetoka mbali kweli."

Nikakaa nao kidogo, kisha nikatoka kutafuta viatu vyangu miongoni mwa vile vidogo.